Uzi maalumu: Electric Light Orchestra (ELO), na kwa nini "Mr. Blue Sky" haitakiwi kusikilizwa peke yake

Mwana wa Baharia (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Siku hizi naona watu wanarushiana "Mr. Blue Sky", wimbo wa bendi ya roki ya Uingereza, ELO, asubuhi kama salamu. Nafurahi sana, maana kuna miaka nilidhani mjini kwetu naijua mimi na mjomba wangu tu. Lakini kila nikiiona imerushwa peke yake moyo unaniuma. Wimbo ule ni kituo cha mwisho cha safari ya karibu dakika 19, na wengi wanasubiri kituoni bila kupanda basi. Kabla ya jua lile kuna mvua ya nyimbo tatu. Ukiikwepa mvua, jua lenyewe unalipata nusu.

Niwaeleze nilivyoipata. Mjomba alikuwa baharia. Mwaka 1984 alirudi Tanga na kanda ya dakika 90 aliyonakili melini kutoka kwenye santuri za mwenzake. Ilikuwa albamu ya "Out of the Blue" ya mwaka 1977, santuri mbili, nyimbo 17. Upande A wa kanda ulibeba santuri ya kwanza, upande B ya pili, na majina ya nyimbo kayaandika mwenyewe kwa kalamu ya bluu. Nilikuwa darasa la sita. Ilikuwa masika, bati linapiga kelele, na upande B ulipoanza nikasikia ngurumo nikadhani ni ya nje. Nikainuka kuanua nguo. Mama akaniambia nguo zimeshaanuliwa zamani.

Ngurumo ilikuwa ya ndani ya redio.

Nitashusha kidogo kidogo. Chai iwe karibu.

Kisiwani

Nimeweka mkeka. Tiririka mkuu.

Mwana wa Baharia

Tuanzie Birmingham, Uingereza, mji wa viwanda. Jeff Lynne kazaliwa huko mwaka 1947, akakulia mtaa wa Shard End, mtoto wa watu wa kawaida, na muziki kajifunza mwenyewe kwa kusikiliza. Kulikuwa na bendi inaitwa The Move, kiongozi wake Roy Wood, mpiga dramu Bev Bevan. Lynne alijiunga nao mwaka 1970, lakini wazo alilokuwa nalo Wood lilikuwa kubwa kuliko The Move: kuunda bendi ya roki, ndiyo hii ELO, yenye fidla na selo (fidla kubwa ya sauti nzito) ndani yake, waanzie pale Beatles walipofika na "I Am the Walrus". Si kukodi wapiga fidla wa siku moja, wapige, walipwe, waende zao. Wawe wanabendi, wakae jukwaani na gitaa, wapigwe na taa zilezile.

Wimbo uliofungua mlango ni "10538 Overture". Ulianza kama wimbo wa Lynne wa kujazia upande wa pili wa santuri ndogo ya The Move. Wood akachukua selo ya bei rahisi iliyotengenezwa China, akaanza kuipiga juu ya gitaa, akairekodi tena na tena, sauti juu ya sauti. Sikilizeni ile selo. Haibembelezi hata kidogo. Inakwaruza kama msumeno kwenye mninga, na wimbo mzima unaegemea juu yake. Mwaka 1972 ukafika nafasi ya 9 Uingereza.

Albamu ya kwanza kule Uingereza ilitoka Desemba 1971 kwa jina la bendi. Marekani ikatoka kwa jina "No Answer", na kisa chake kinajulikana: mtu wa kampuni ya santuri ya Marekani alipiga simu Uingereza kuuliza jina la albamu, simu haikupokelewa, akaandika kwenye karatasi kwamba hakuna jibu. Karatasi ikasomwa kuwa ndilo jina.

Wood hakukaa. Mwaka huohuo wa 1972 aliondoka akaunda bendi nyingine, Wizzard, na Lynne akabaki na chombo alichoachiwa katikati ya bahari.

Fidla ya Forodhani

Naomba nichangie hapa, maana mimi napiga fidla kwenye kikundi cha taarabu Unguja.

Mtu wa kwanza kunisikilizisha ELO alinipa "Livin' Thing", ile inayofunguliwa na fidla ya Mik Kaminski. Nikamwambia, huyu anapiga bashrafu! Sisi taarabu ya asili tunaanza na bashrafu, ala peke yake, muimbaji bado kakaa. Msikilizaji anaandaliwa kwanza, maneno baadaye. Na wimbo ukianza, fidla zote zinakwenda njia moja, kwa sauti moja, zinamjibu muimbaji kila anapovuta pumzi. Ndivyo tulivyojifunza kwa wazee, na wazee walichukua Misri.

Okestra za Ulaya mara nyingi hugawana sauti, huyu juu, yule kati, yule chini. Huyu bwana Lynne kila ninapomsikiliza naona anapenda fidla na selo zake ziende pamoja kwenye njia moja, kama sisi. Mwishoni mwa mstari zinamjibu. Sisemi aliwahi kutusikia. Nasema sikio langu lilikaa humo bila kufundishwa.

Mwana wa Baharia

Fidla ya Forodhani, nimesoma mara tatu. Miaka yote nilikuwa nahisi kitu hicho na sina jina lake. Majibizano! Chukua "Showdown" ya mwaka 1973. Lynne anaimba mstari, fidla zinamjibu, na jibu lile ndilo watu wanaloondoka nalo mdomoni. John Lennon wa Beatles aliusifu wimbo huo redioni New York mwaka 1974, akawaita wana wa Beatles. Kwa vijana waliotaka kuanzia pale Beatles walipoachia, sijui kama kuna sifa nyingine wangeitamani zaidi.

Sasa niende "Eldorado", 1974, maana hapo ndipo Lynne alipopata njia yake. Baba yake alipenda sana muziki wa Kizungu wa zamani, ule wa okestra kubwa. Akamwambia mwanawe kwamba tatizo la nyimbo zake ni kwamba hazina tyuni. Lynne akaingia ndani kutunga albamu nzima ya kumjibu baba. Mpaka hapo wapiga fidla na selo wa bendi walikuwa wakirudia kurekodi mara nyingi ili wasikike wengi. Safari hii akakodi okestra kamili na kwaya, akampata Louis Clark wa kumsaidia kupanga ala na kuiongoza. Albamu ni hadithi moja, mtu anayekimbilia ndotoni kwa sababu maisha yake ya kila siku hayana rangi.

Humo kuna "Can't Get It Out of My Head". Wakuu, kama hamjausikia, acheni huu uzi mwende mkausikie kwanza. Ni wimbo wa taratibu sana, karibu unasimama. Kinanda cha Richard Tandy kinatembea kama mtu aliyevua viatu ili asiamshe watu. Halafu kiitikio kinafika na okestra inanyanyuka chini ya sauti, unajisikia umebebwa. Marekani uliingia kumi bora, wa kwanza wao kufika huko. Mimi huwa namfikiria yule baba tu. Tyuni aliipata.

Roki na Rumba

Mkuu, kwa heshima, mimi niko upande wa Roy Wood. Albamu mbili za mwanzo zina hatari ndani yake. Baada ya hapo Lynne alianza kupaka asali kila mahali. Ile "Roll Over Beethoven" ya mwaka 1973, inayoanza na Simfoni ya Tano ya Beethoven kisha wimbo wa Chuck Berry unaingia, ile ndiyo ELO yangu. Selo zinapigana na gitaa. Baadaye selo zikawa mapambo ya keki.

Mwana wa Baharia

Nakubali nusu, Roki na Rumba. Kwenye "Roll Over Beethoven" ule ugomvi ni mtamu na nimeucheza mpaka majirani wakaujua. Neno mapambo ndilo siwezi kulipokea. Jaribu hivi: chukua "Evil Woman" ya 1975, ondoa fidla kichwani mwako. Umebaki na kinanda, besi na kiitikio, wimbo mzuri wa kawaida. Sasa rudisha lile poromoko la fidla, zinavyoshuka kwa kasi kama maji ya bomba lililopasuka. Unajua limetoka wapi? Ni kipande cha fidla za wimbo mwingine wa albamu hiyohiyo, "Nightrider", kimechezwa kinyumenyume. Mtu anayetafuta mapambo anaagiza wapiga fidla wapige kitu kizuri, basi. Huyu alikata utepe, akaugeuza, akaupandikiza mahali ambapo mshipa ulihitaji damu.

Wimbo wenyewe aliutunga kwa haraka sana, kama nusu saa hivi, kwa sababu albamu ilikuwa inahitaji wimbo mmoja zaidi.

Albamu hiyo, "Face the Music", ndiyo ya kwanza kurekodiwa Musicland, studio iliyokuwa chini ya jengo la hoteli mjini Munich, Ujerumani. Fundi mitambo alikuwa Reinhold Mack. Hapo ndipo palipozaliwa ile sauti: dramu nene zilizobanwa karibu na sikio, gitaa za kawaida zilizorundikwa mpaka zinang'aa, sauti za kuitikia nyingi kama kijiji kizima kimeitwa.

Kisiwani

Musicland! Ndiko Queen walikorekodi "Crazy Little Thing Called Love" mwaka 1979, na fundi ni huyohuyo Mack. Kwa hiyo Freddie Mercury wetu, mtoto wa Mji Mkongwe, kapita mlango huohuo na kukaa mbele ya meza ileile ya mitambo. Nimefurahi mno kulijua hili.

Mwana wa Baharia

Kabisa, Kisiwani. Sikiliza dramu za wimbo ule wa Queen kisha rudi kwenye ELO ya miaka ile, utasikia chumba kimoja.

"A New World Record" ya 1976 nitaipitia haraka ingawa ndiyo ninayomshauri mgeni aanze nayo. Ina "Livin' Thing" aliyoitaja ndugu yetu. Ina "Rockaria!", ambapo muimbaji wa opera Mary Thomas aliingia mapema akajikamata, na kosa lile wakaliacha kwenye santuri kwa sababu lilikuwa zuri kuliko usahihi. Na ina "Telephone Line".

Hapo nisimame kidogo. Wimbo unaanza na mlio wa simu inayoita bila kupokelewa. Walitaka mlio wa simu za Marekani, ambao si sawa na wa Uingereza, basi wakapiga namba ya Marekani mahali walipojua hakuna mtu, wakausikiliza, wakautengeneza upya kwenye kinanda cha umeme. Sauti ya Lynne inaingia nyembamba, imebanwa, kama inatoka kwenye mkono wa simu. Anazungumza na mtu ambaye hakuinua simu. Kisha ghafla sauti inafunguka, inajaa chumba, fidla zinaingia, na wewe unajua kwamba huo ujazo wote uko kichwani mwake tu, simu bado inaita. Mimi nimelelewa na watu waliokuwa wakipanga foleni posta kumpigia simu baba aliye melini au ng'ambo. Mama alikuwa anaacha jiko uji ukichemka akisikia wimbo huu, na Kiingereza hakukijua. Mlio ulimtosha.

Binti Chumbageni

Sasa tupe mvua mkuu, tumengoja.

Mwana wa Baharia

Haya, mvua.

Mwaka 1977 Lynne alipanda milimani Uswisi, akakodi nyumba ili atunge ile albamu ya "Out of the Blue". Mvua ikanyesha. Ukungu ukafunika kila kitu, siku zikapita, kiasi cha wiki mbili, na hakuna wimbo hata mmoja uliokuja. Kisha siku moja jua likatoka, milima ikaonekana yote kwa mara ya kwanza, na akaandika "Mr. Blue Sky". Nyingine zikafuata kwa mfululizo. Albamu nzima ilipatikana kwa wiki tatu na nusu hivi, halafu wakaenda kuirekodi Munich.

Upande wa tatu wa santuri hizo akauita "Concerto for a Rainy Day", yaani utungo wa okestra wa siku ya mvua, nyimbo nne zilizoshonwa pamoja. Wa kwanza, "Standin' in the Rain": ngurumo, okestra inazunguka kama upepo uliokosa pa kutokea, mtu amesimama peke yake analowa. Wa pili, "Big Wheels". Huu ndio watu wanaoruka na ndio ninaoupenda kuliko yote. Mwendo umeshuka, mvua imekuwa ya kawaida, ile ya siku ya tatu ambayo hakuna anayeizungumzia tena. Hakuna kilio ndani yake. Kuna uchovu. Sauti inaitikiwa na kwaya ya mbali na magurudumu makubwa yanaendelea kuzunguka bila kumuuliza mtu. Wa tatu, "Summer and Lightning": radi imerudi lakini gitaa limepata joto, kuna kitu kinakaribia.

Kisha sauti ya redio inatangaza hali ya hewa, na kinanda kinaanza kugonga. Dang dang dang dang.

Ukifika hapo ukiwa umelowa dakika 14, wakuu, kule kugonga kwa kinanda ni mlango unafunguliwa. Sasa unaelewa kwa nini anauliza anga lilijificha wapi muda wote huo. Swali lile ni la mtu aliyengoja kweli. Unasikia kengele ya chuma? Hiyo ni mtungi wa kuzimia moto, Bev Bevan anaupiga. Unasikia watu wanahema? Wanahema kama wamekimbia nje kulipokea jua. Na mwishoni kwaya na okestra zinachukua wimbo kutoka kwa bendi, zinaupeleka juu, zinaugeuza rangi, hata muimbaji hahitajiki tena.

Ndipo inakuja ile sauti ya mashine, ya vokoda. Mimi na mjomba tulidhani inarudia jina la wimbo. Miaka zaidi ya 20 tuliamini hivyo. Siku niliposhika santuri yenyewe kwa mara ya kwanza, nikaiweka, ikafika mwisho, sindano ikanyanyuka, ndipo nikasikia: mashine inasema tafadhali nigeuze. Ilikuwa mwisho wa upande wa tatu! Inamwomba msikilizaji aigeuze santuri. Kwenye kanda yetu haikugeuzwa. Iliomba, na utepe ukaendelea moja kwa moja na "Sweet Is the Night". Nilisimama na santuri mkononi, nikamkumbuka mjomba akinakili usiku melini, akiigeuza kwa mkono wake mwenyewe kama alivyoombwa, bila kujua kwamba ameombwa.

Fidla ya Forodhani

Hapo umenigusa.

Roki na Rumba

Nimeusikiliza upande mzima jana usiku baada ya kusoma hapa, wa kwanza hadi wa nne bila kuruka. "Big Wheels" sikuwahi kuupa nafasi. Naondoa neno mapambo kwa albamu hii. Kwa "Discovery" ya 1979 siliondoi. Pale "Don't Bring Me Down" haina fidla hata moja, na baada ya hapo Kaminski na wale wawili wa selo, Hugh McDowell na Melvyn Gale, hawakuhitajika tena. Bendi iliyozaliwa kwa ajili ya fidla ikawaaga wapiga fidla.

Mwana wa Baharia

Hapo sina cha kukupinga. "Don't Bring Me Down" naipenda, ile dramu walichukua kutoka wimbo mwingine wakaipunguza kasi na kuizungusha, ikawa nzito kama nyundo ya relini. Marekani ilifika nafasi ya 4, na hakuna wimbo wao uliopanda zaidi ya hapo kule. Lakini jukwaani mwaka 1978, kwenye ile ziara ambayo jukwaa lilikuwa na umbo la chombo kikubwa cha angani, pale Wembley usiku nane mfululizo, wale watatu walikuwa mbele wanaonekana na watu wote. Mwaka mmoja baadaye nafasi yao imechukuliwa na vinanda. Mimi pia inaniuma.

"Time" ya 1981 ina vinanda kila mahali na bado naitetea, ila uzi wake utakuwa mwingine. Bendi ikafika mwisho mwaka 1986. Lynne akaenda kuwatengenezea wengine nyimbo: George Harrison, Tom Petty, na mwaka 1994 akakaa na Beatles watatu waliobaki kuimalizia "Free as a Bird" kwenye utepe wa sauti ya Lennon. Yule aliyeitwa mwana wa Beatles.

Binti Chumbageni

Na mjomba? Bado yupo?

Mwana wa Baharia

Yupo, amezeeka, macho hayaoni vizuri. Septemba 2014 Lynne alipanda tena jukwaani Hyde Park, London, mbele ya maelfu ya watu, na okestra ya BBC nyuma yake. Video ilipopatikana nilienda nayo nyumbani kwa mjomba, nikamwekea simu karibu na sikio. Sikumwambia ni nani wapo jukwaani. Ilipofika "Mr. Blue Sky", kinanda kikaanza kugonga, akaninyamazisha kwa mkono ingawa sikuwa nasema kitu.

"Huyu wa kinanda ni yuleyule," akasema. "Namjua anavyogonga."

Nikamwambia ndiyo, ni Richard Tandy, kati ya wale wa zamani ni yeye tu aliyepanda na Lynne siku ile. Mwaka 2024 Tandy alipofariki nilisafiri kwenda kumwambia mjomba mwenyewe. Hakusema kitu muda mrefu. Kisha akaniagiza niitafute ile kanda kabatini. Utepe umelegea, nikauvuta kwa kalamu, tukaweka upande B, tukaanza na ngurumo.